Karatasi ya Langoni (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Mama Shiro alinunua matumbo nusu kilo kwenye bucha iliyo karibu na steji ya Free Area. Alipofika nyumbani akakunjua gazeti lililofungia nyama, akaona nambari ya ploti yake imechapishwa katikati ya matangazo ya minada. Nyumba itauzwa hadharani Alhamisi tarehe 15 Juni, saa tano asubuhi. Baba Shiro hapatikani kwa simu tangu Ijumaa. SASA ENDELEA...

Wakili hakuanza na pole. Alikitandaza kile kipande cha gazeti mezani, doa la damu likiwa bado kwenye pembe, akachukua kalamu nyekundu na kuzizungushia tarehe mbili.

"Mama, gazeti hili ni la Jumatatu tarehe 5. Mnada ni Alhamisi tarehe 15. Hesabu."

Mama Shiro alihesabu kwa vidole, mikono ikiwa chini ya meza. "Siku kumi."

"Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinasema nyumba isipigwe mnada kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza litoke gazetini."

"Kumbe tumeshinda!"

"Nimesema tangazo la kwanza." Wakili alivua miwani. Alikuwa msichana wa umri wa Shiro, pengine chini yake, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani ambamo sauti za makanga wa chini ziliingia bila kubisha. "Hujui kama hili ndilo la kwanza. Mimi pia sijui. Madalali wengi hutangaza mara mbili. Tukimwambia jaji ni siku kumi, halafu wao watoe gazeti la wiki iliyotangulia, tutatoka pale tukiangalia viatu vyetu."

Kisha akamchorea ngazi nyuma ya bahasha. Mkopaji akikosa kulipa kwa mwezi mzima, benki inampa notisi ya kwanza: lipa katika muda usiopungua miezi mitatu. Hicho ni kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Miezi mitatu ikiisha bila malipo, inakuja notisi ya kuuza, siku 40, kifungu cha 96. Zikiisha hizo, dalali anapokea barua ya benki, anakuja na notisi yake mwenyewe ya siku 45 za kukomboa mali. Ndipo gazeti. Ndipo siku 14. Ndipo nyundo.

"Wakiruka ngazi moja?"

"Tukiwahi kabla ya nyundo, jaji anaweza kuwarudisha chini waanze tena. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank na Eros Chemists, Mahakama ya Rufani ilisema notisi lazima itamke wazi kwamba haki ya kuuza haizaliwi mpaka miezi mitatu iishe. Maneno hayo tu yakikosekana, notisi ni karatasi ya kuwashia jiko."

Mama Shiro alikuwa anatazama ile ngazi. Miezi mitatu, siku 40, siku 45. Karibu nusu mwaka. Nusu mwaka mtu amelala naye kitanda kimoja, anaomba chumvi mezani, anauliza kama mvua itanyesha.

"Wakili, mimi sikupata hata moja. Hata hili gazeti, ni matumbo yameniletea. Mimi nanunua gazeti la Kiingereza la kazi gani?"

"Tangazo la gazeti si lako, Mama. Ni la wanunuzi. Kifungu cha 98 kinaitaka benki itangaze kwa namna itakayowafikia watu wanaoweza kutaka kununua. Wewe ulipaswa kufikiwa na zile za mwanzo."

Niruhusu hapa, msomaji, nitie neno langu. Nimeyasoma matangazo haya ya mnada kwa muda mrefu, yale ya herufi ndogo kama mchanga, nyumba ishirini kwenye ukurasa mmoja, kila moja imeelezwa kwa nambari ya ploti na eneo la hekta zenye desimali nne. Ploti ya robo ya robo eka pale Free Area inaandikwa hekta 0.0 na kitu. Mwenye nyumba anaweza kulisoma tangazo la nyumba yake mwenyewe akapita. Mnunuzi mzoefu hapiti, kwa sababu yeye ndiye aliyeandikiwa. Sheria haikukosea hapo. Ila wengi wetu tunadhani gazeti ndilo notisi, na hilo hutuchelewesha hadi siku ya nyundo.

"Na nyundo ikishaanguka?" Mama Shiro aliuliza.

"Ikianguka, haki ya kukomboa imekwenda. Hilo liliamuliwa 1988 katika kesi ya Jimba Credit na halijabadilika. Mnunuzi analindwa na kifungu cha 99. Ukiwa na malalamiko, hata yawe ya kweli namna gani, utadai fidia kwa benki. Nyumba utaitazama ukiwa barabarani." Wakili akafunga faili. "Kwa hiyo nina kazi mbili za kukupa leo. Nenda maktaba utafute magazeti ya Jumatatu zote za Mei. Halafu rudi kwenye ploti uwaulize wapangaji. Kifungu cha 96 kinasema nakala ya notisi ya kuuza ipewe mke aliyetoa idhini ya mkopo, ipewe wapangaji, ipewe mdhamini, kisha ibandikwe mahali pa wazi kwenye ploti au karibu nayo. Uliza kama kuna aliyeona karatasi langoni."

Mama Shiro alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Umesema mke aliyetoa idhini."

"Ndiyo. Ulisaini?"

"Sijawahi kusaini chochote."

Wakili aliandika kitu kwenye bahasha, akakipigia mstari mara mbili. Hakusema ni nini.

*

Maktabani alipewa rundo lililofungwa kwa kamba ya katani. Jumatatu ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu na ya nne, hakuna. Akalifungua gazeti la tarehe 29 Mei na kidole chake kikasimama chenyewe: dalali yule yule, Nakuru, Alhamisi tarehe 15 Juni, saa tano. Kutoka hapo hadi mnada ni siku 17. Zile siku kumi zao zimeyeyuka.

Alikaribia kulikunja. Kisha akasoma nambari ya ploti taratibu, tarakimu moja moja, kama anayesoma nambari ya M-Pesa kabla ya kutuma. Yake inaishia na 381. Hii inaishia na 318.

Alimpigia wakili kutoka ngazini.

"Piga picha kurasa zote mbili," wakili alisema, na sauti yake ilikuwa imepata moto kidogo. "Tarehe 29 walitangaza nyumba ya mtu mwingine. Yako imetangazwa mara ya kwanza tarehe 5. Lakini usishangilie. Kuna jaji atakayesema wanunuzi walipotoshwa, na kuna atakayesema ni kosa la mpiga chapa na tarehe ilikuwa ile ile. Niletee la langoni."

Ploti ya Mama Shiro ina nyumba kubwa mbele na bedsita tisa nyuma. Matofali ya mbele yalilipwa na kioski chake cha mboga. Bedsita zilijengwa na Baba Shiro enzi za matatu yake ya kwanza, ile iliyokuwa ikitoka Nakuru alfajiri na kurudi na mifuko ya noti. Matatu ya pili ndiyo iliyoleta haya. Alisema ameinunua kwa akiba ya chama. Ilikaa barabarani miezi minane, ikalala gereji Gilgil, na haijaamka mpaka leo.

Nambari moja hadi tatu hawakuona kitu. Nambari tano ni wanafunzi. Hao hata lango hawalijui. Nambari saba, mlinzi wa usiku, alikuna kidevu na kusema aliona kitu cheupe asubuhi moja alipotoka kazini, alidhani ni tangazo la mkutano wa injili. Nambari nane na tisa walimwuliza yeye kama kodi itapanda.

Nambari nne alikuwa Mama Ryan, msusi, mwanamke wa maneno machache. Huyo Mama Shiro hakumzoea sana, kwa kuwa kodi ya nambari nne ilikuwa ikikusanywa na Baba Shiro mwenyewe. Eti wanaelewana naye vizuri akichelewa.

"Nilikuwa nakungoja uulize, Mama," Mama Ryan alisema. Aliingia ndani, akatoka na karatasi tatu zilizobanwa kwa pini. "Nakala yangu hii. Ukurasa wa juu Ryan aliufanya ndege."

Mama Shiro hakujua Kiingereza cha mabenki, lakini alijua kusoma tarehe. Februari. Siku 40. Mwezi huo yeye alikuwa Nyahururu akimuuguza mama yake.

"Walibandika pia langoni?"

"Walibandika. Jumatano, tarehe 15 Februari. Kijana mmoja na gundi, akapiga picha kwa simu akaondoka."

"Ikaenda wapi?"

Mama Ryan alimtazama mwanawe aliyekuwa akisukuma kopo kwenye vumbi. Mbali kule juu, Menengai ilikuwa imeanza kuvaa wingu la jioni.

"Kesho yake kabla ya jua kutoka nilikuwa nachota maji. Kuna mtu aliikwangua kwa kisu, pole pole, akaosha lango na sabuni mpaka likang'aa." Akashusha sauti. "Alikuwa Baba Shiro."

*

Usiku ule Mama Shiro hakulala, na sitakuchosha kwa kukueleza alivyogeuka kitandani. Saa kumi alfajiri simu yake iliwaka. Ujumbe, nambari ngeni: *Mama Shiro usiende korti. Utaharibu kila kitu. Nitakueleza.*

Alifika kwa wakili kabla ofisi haijafunguliwa.

"Kama yeye ndiye aliyeing'oa, basi ilibandikwa," wakili alisema alipomaliza kusikiliza. "Benki itakuwa na ile picha ya kijana wa gundi. Sheria inawataka wabandike. Haiwataki wailinde usiku kucha."

"Kwa hiyo ameniua."

"Ametuumiza. Lakini bado hakuna karatasi iliyofika mkononi mwako. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu miaka ya tisini, mkopaji akidai hakupata notisi, ni kazi ya anayeuza kuthibitisha kwamba aliipeleka. Hilo nitalivuta mpaka kwa mke." Akainua zile karatasi tatu za Mama Ryan, akazigeuza, akazinusa karibu. "Hii ndiyo inanisumbua. Mna wapangaji wangapi?"

"Tisa."

"Wenye nakala?"

"Mmoja."

"Kwa nini yeye peke yake?"

Mama Shiro hakuwa na jibu. Wakili naye hakuwa na muda. Saa nne ombi likaingia mtandaoni na cheti cha dharura. Wakaenda Mahakama Kuu, wala si ile ya ardhi iliyo jirani ambako Mama Shiro alikuwa ameshaanza kupanga foleni. "Kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2017, wa hapa hapa Nakuru, uliohusu Co-operative Bank," wakili alimvuta mkono. "Ulisema mambo ya rehani na hesabu za mkopo yaende Mahakama Kuu. Watu wamepoteza kesi nzuri kwa kuingia mlango mbaya."

Jaji alisoma kimya. Hakusimamisha mnada. Aliagiza benki na dalali wapewe hati siku hiyo hiyo, wajibu kabla ya saa kumi na moja Jumatano, na pande zote zifike mbele yake Alhamisi saa tatu kamili.

"Saa tatu," Mama Shiro alinong'ona. "Mnada ni saa tano."

"Tuna saa mbili. Wapo waliopata dakika kumi."

Kwenye benchi la nje wakili alimwandaa kwa yatakayokuja. Kila ombi la namna hii hupimwa kwa kesi ya mwaka 1973, Giella dhidi ya Cassman Brown, ambayo kila mwanasheria Kenya anaijua kama sala ya Baba Yetu. Je, una kesi yenye mashiko? Je, utapata hasara isiyofidika kwa pesa? Jaji akiwa bado na shaka, mizani inaegemea wapi?

"Watasema hivi: nyumba ukishaiweka rehani umeigeuza bidhaa, ina bei, na benki ina pesa za kukufidia. Hapo ndipo wengi huanguka. Ndiyo maana nataka kasoro isiyohusu bei. Notisi. Mke aliyerukwa."

"Na kama ni kweli tunadaiwa?"

Swali hilo wakili alilijibu bila kuzunguka, na nampenda kwa hilo. "Mnadaiwa, Mama. Amri ya kusimamisha mnada haifuti shilingi hata moja. Jaji anaweza hata kukuagiza uweke sehemu ya deni ndio akupe nafasi. Notisi mbovu hukununulia muda. Utakachofanya na huo muda ni shauri lako na Baba Shiro."

*

Jumatano saa kumi na moja ilipita. Saa kumi na mbili ikapita. Makanga chini walikuwa wakiita abiria wa mwisho wa Free Area na Lanet wakati simu ya wakili ilipolia mlio mfupi wa barua pepe.

Hati ya kiapo ya benki, kurasa 64. Wakili aliisoma kwa kidole, akinong'ona vichwa. Mkataba wa mkopo, milioni tatu na nusu. Notisi ya miezi mitatu, imepokewa na Baba Shiro kwa saini yake. Picha ya lango, karatasi nyeupe katikati, vumbi la Februari. Ripoti ya mthamini. Mama Shiro akamkumbuka yule kijana wa futi aliyesema anapima njia ya maji taka.

"Sasa kiapo cha mpeleka hati," wakili alisema. "'Tarehe 15 Februari nilifika kwenye ploti hiyo na nikamkabidhi mke wa mkopaji nakala yake ya notisi, nyumbani kwake, ndani ya ploti hiyo hiyo. Aliipokea na kutia saini.'"

"Uongo!" Mama Shiro alisimama. "Nilikuwa Nyahururu! Nina risiti za hospitali, nina shahidi, nina..."

"Keti, Mama." Uso wa wakili ulikuwa umebadilika. "Na tarehe 12 Aprili dalali naye anasema notisi yake ya siku 45 ilipokewa na mtu huyo huyo. Saini ni moja." Akatelezesha kidole, ukurasa, ukurasa, kisha akasimama. "Na hii hapa idhini ya mke. Bila hii benki isingekubali kuandikisha rehani juu ya nyumba ya ndoa. Kifungu cha 79. Imeapwa mbele ya wakili, ina nambari ya kitambulisho na picha ndogo imebandikwa juu."

"Ni jina langu?"

Wakili hakujibu. Alikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka uso ukajaa kioo, akageuza simu.

Nywele zilizosukwa laini, kazi ya mkono wa fundi. Midomo iliyofumbwa ya mtu wa maneno machache. Kifuani, pembeni ya picha, kichwa cha mtoto kilichokatwa nusu na mkasi.

Nambari nne.

"Sasa naelewa kwa nini yeye peke yake alikuwa na nakala," wakili alisema polepole. "Hakupewa kama mpangaji. Na sheria inasema mke aliyetoa idhini ndiye apewe notisi. Walimpa. Kesi yetu ya notisi imezikwa hapa."

Mama Shiro alikuwa hasikii. Wakili akamshika bega. "Nisikilize. Kama wewe ndiye mke wa nyumba ile, na aliyesaini si wewe, basi hatupigani tena na siku 14 wala siku 45. Tunapigana na rehani yenyewe. Lakini jaji ataniuliza swali moja saa tatu asubuhi, na lazima nimjibu kwa karatasi. Una cheti cha ndoa?"

Mama Shiro alifungua kinywa. Miaka 27. Mbuzi walipelekwa, ng'ombe walihesabiwa, wazee walikunywa. Cheti?

Mlango ulibishwa mara tatu. Kabla hawajaitikia, kitasa kikazunguka. Mama Ryan alisimama kizingitini, Ryan amelala begani, na mkononi alikuwa ameshika ukurasa uliokunjwa kama ndege.

"Baba Shiro yuko chini kwenye gari," alisema. "Ila kabla hajapanda, kuna kitu lazima mwone."

ITAENDELEA

Je, ukurasa uliogeuzwa ndege uliandikiwa nani? Cheti kisipopatikana kabla ya saa tatu, nani atasimama mbele ya jaji kama mke wa Baba Shiro? Na saa tano, nyundo itaanguka? Usikose Jumamosi ijayo. Nawe kama jina lako liko kwenye nyumba iliyowekwa rehani, au unaishi ndani yake, usingoje gazeti la bucha: nenda kafanye upekuzi wa hatimiliki wiki hii.